Wakili mmoja kwa kampuni na viza: uzoefu wangu wa kufungua kampuni Marekani

Nilimtumia wakili anayeshughulikia biashara za kuvuka mipaka pamoja na uhamiaji, tukafungua kampuni Marekani na nikapata viza ya L-1A, aina ya L-1 inayotolewa kwa mameneja, ya kwenda kuisimamia. Nampa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya mwenye kampuni Kenya anayejiuliza kama amalizane kwanza na wakili wa makampuni, ndipo aende kwa wa uhamiaji. Kwa niliyoyaona, ukiyatenganisha mambo haya mawili unayaharibu yote.

Kampuni yetu inatengeneza programu za uhasibu, nami naimiliki pamoja na ndugu zangu. Tulitaka kusajili kampuni mpya kule, rafiki yetu anayeishi Texas apate asilimia 60 ya hisa kwa kuwa ndiye mwenye wateja, nami nichukue 40 kwa jina langu. Wakili wa kwanza tuliyezungumza naye, wa makampuni peke yake, hakuona tatizo. Huyu wa pili aliuliza: nani atakuwa na usemi wa mwisho katika kampuni hiyo? L-1 ni viza ya kumhamisha mtu ndani ya kundi moja: kampuni mama kwenda kampuni tanzu au tawi, au kati ya kampuni mbili zenye wamiliki walewale. Kwa hisa zile, kampuni ya Kenya na ile ya Marekani zisingehesabiwa kuwa na uhusiano wowote. Ombi lingekufa, na ada ingekwenda nalo.

Mgawanyo ukabadilishwa. Kampuni ya Kenya ndiyo ilishika hisa nyingi, rafiki akabaki na chache pamoja na mkataba wa kamisheni kwa wateja anaowaleta. Wakili alimwandikia rafiki yetu barua akimweleza kwamba yeye anatuwakilisha sisi, kwa hiyo atafute wakili wake wa kuusoma mkataba. Rafiki alikereka kidogo. Mimi nilizidi kumwamini wakili, kwa sababu anayekubali kuwa upande wa kila mtu mezani siku ya mgogoro hatakuwa upande wa yeyote.

Kwenye kodi nako alituokoa. Tulikuwa tumeshauriwa tuchague mfumo wa S, ambao faida hutozwa kodi kwa wanahisa. Akatuonyesha kwamba kampuni haiwezi kuwa mwanahisa katika mfumo huo, wala mgeni asiye mkazi wa kikodi wa Marekani. Tukaenda na mfumo wa C, ambao kampuni hulipa kodi ya serikali kuu ya asilimia 21 ya faida. Na kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, gawio linaloletwa nyumbani hukatwa asilimia 30. Kuna pia Fomu 5472 ya kila mwaka, ya kutaja miamala kati ya kampuni ya kule na wamiliki wa kigeni; usipoiwasilisha faini inaanzia dola 25,000. Yote haya tuliyasikia kabla ya kusaini chochote.

Kuhusu viza ya mwekezaji, E-2, ambayo mawakala wengi wanaiuza kwa maneno matamu: hutolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba unaohusika na Marekani. Ethiopia, Misri na Senegal zimo, Kenya haimo. Mazungumzo hayo yaliisha hapo, na hakututoza.

Kazi nzito ilikuwa faili la Fomu I-129, yaani ombi lenyewe la L-1. Unathibitisha kwamba umefanya kazi mfululizo mwaka mzima nje ya Marekani ndani ya miaka mitatu iliyopita, na kwamba wewe ni meneja kwelikweli. Maelezo yangu ya kazi aliyarudisha mara kadhaa kwa sababu yalisomeka kama ya mtengeneza programu. Alitaka kujua naajiri nani, namfukuza nani, bajeti ipi naidhinisha bila kumwuliza mtu. Alidai mkataba wa pango wa ofisi halisi, kwani anwani ya kupokelea barua haitoshi. Tulilipia huduma ya haraka, ambayo USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, huahidi jibu ndani ya siku 15 za kazi. Jibu lenyewe laweza kuwa kudaiwa ushahidi zaidi, na ndilo tulilopata. Majibu yake kwa dai hilo ndiyo maandishi bora ya kisheria niliyowahi kuyalipia: kila hoja ya afisa ilinukuliwa, na chini yake ushahidi wenye namba ya kielelezo.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Sheria za Kenya hazigusi, na hana budi, lakini hakutaja mapema kwamba tungehitaji wakili wa nyumbani kwa maazimio ya bodi na kumbukumbu za hisa. Gharama hiyo haikuwa kwenye makadirio. Pia ombi la uhamiaji alilitoza kwa bei moja, ila mikataba kwa saa, na simu fupi za kuuliza jambo dogo zilihesabiwa humo. Ulizeni hilo siku ya kwanza.

Kabla ya kumlipa yeyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakili ya jimbo lake. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, hivyo leseni ya jimbo lolote inatosha kwa viza. Ukitaka pia ushauri wa sheria za jimbo la biashara yako, hakikisha ana leseni ya jimbo hilo au anafanya kazi na mwenye nayo.

Kibali cha L-1 kwa ofisi mpya kama yetu hutolewa kwa mwaka mmoja tu, na kuongezewa muda kunategemea kama ndani ya mwaka huo umeajiri watu wa kuwasimamia. Tangu mwezi wa kwanza amekuwa akiniuliza habari za mishahara na mikataba ya wafanyakazi, nami nazikusanya. Ombi la nyongeza tutalipeleka naye.