Supamaketi iliyotufungia nje: nyota moja

Kwa bidhaa na usafi, maduka haya yalistahili nyota nne. Nilikuwa keshia humo, najua mizani ilipima sawa na maziwa yaliyokaribia kuisha muda yaliondolewa kwenye rafu kabla hatujafungua. Natoa nyota moja kwa sababu ya namna kampuni ilivyofunga, na hiyo moja ni ya wenzangu.

Habari ilitufikia usiku, kwenye kundi la WhatsApp la zamu: kesho msije. Ambao hawakuwa na bando walifika alfajiri na sare zao, wakakuta kufuli jipya na tangazo getini. Tangazo lilieleza wateja waende wapi na vocha zao. Mshahara wa mwezi uliokuwa unaisha haukutajwa. Baadaye baadhi yetu tuliitwa kuuza kilichobaki. Punguzo liliongezwa na kuongezwa hadi zikauzwa rafu na troli, na waliokuwa wanapokea pesa hizo kaunta ni watu wanaoidai kampuni hiyo hiyo.

Pesa ya mauzo ya namna hiyo huenda kwa mfilisi, yaani aliyeteuliwa kuuza mali ya kampuni iliyoanguka na kuwalipa wanaoidai. Benki yenye dhamana juu ya mali huwa mbele, na mfilisi naye ana gharama zake. Mkataba namba 173 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1992, unataka mfanyakazi alindwe kwa njia mojawapo: apewe kipaumbele kwa mshahara wa angalau miezi mitatu, au kuwe na mfuko wa dhamana wa kumlipa mfanyakazi pale mwajiri anaposhindwa. Nchi zilizouridhia ni chache. Mimi nautetea huo mfuko, maana kipaumbele hakisaidii kitu ikiwa mali yote iko rehani. Benki ilikagua hesabu za kampuni kabla ya kutoa mkopo. Keshia anamkopesha mwajiri kazi ya mwezi mzima, na hakuna anayemwonyesha hesabu.

Tusidanganywe kwamba haiwezekani kufunga vizuri. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilipotangaza Januari 2015 kwamba inaondoka Kanada, ikiwa na maduka 133 na wafanyakazi wapatao 17,600, ilitenga dola milioni 70 za Kanada ili wengi wao wapate malipo ya angalau wiki 16. Watu walipoteza kazi, ndiyo, lakini walijua kodi ya nyumba itatoka wapi. Toys "R" Us, wauzaji wa vitu vya kuchezea watoto nchini Marekani, ilifunga maduka yake mwaka 2018, na zaidi ya watu 30,000 wakaondoka bila malipo ya kuachishwa kazi. Ilibidi waandamane na kuwafuata wamiliki wa zamani hadi wawili kati yao, kampuni za uwekezaji KKR na Bain Capital, wakatoa dola milioni 20 mwezi Novemba. Ukizigawa kwa watu hao ni kidogo mno, lakini bila kelele wasingepata hata hizo.

Linaloniuma zaidi ni la Woolworths ya Uingereza. Kampuni ilianguka mwishoni mwa 2008, na chama cha wafanyakazi kikashinda fidia ya mshahara wa siku 60 kwa sababu hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Waliofanya kazi kwenye maduka yenye watu chini ya 20 hawakupata kitu, kwani kila duka lilihesabiwa peke yake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali hesabu hiyo mwaka 2015. Kampuni ni moja, sare moja, siku ya kufungiwa moja, halafu aliye kwenye tawi dogo anaambiwa wao hawakutosha!

Kwa aliye kaunta leo: hati zako za mshahara zitunze nyumbani, pamoja na mkataba na picha za ratiba za zamu, maana siku ya kufuli vilivyo kwenye kabati la kazini havitoki. Ulizia mapema jina la mfilisi na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai. Na usisaini karatasi inayosema umelipwa kila kitu kabla mtu wa chama hajaisoma. Kwetu wapo waliosaini ili wapewe nauli, na kila wakienda kudai malimbikizo wanaonyeshwa sahihi zao.