Jerikeni la Chuma la Lita 20: Tazameni Vishikio Hivi!

Haya, karibuni tena jamani. Leo nina furaha, sitawaficha. Mnaliona hili? Jerikeni la chuma, la kijani, lita 20. Uzito na vipimo viko kwenye lebo, mtasoma wenyewe. Mimi nataka mtazame hapa juu tu. Vishikio. Hesabuni na mimi: kimoja, viwili, vitatu.

Sasa chukueni lile dumu la njano la mafuta ya kupikia, kila nyumba linalo. Kishikio kimoja, chembamba. Ukitoka nalo bombani limejaa, ukifika mlangoni vidole vimeshachorwa mstari mwekundu. Hili hapa likijaa, nashika cha katikati, natembea. Dada, njoo mara moja unisaidie. Yeye anashika cha kule, mimi cha huku, tunakwenda na magoti hayagongani. Na yakiwa matupu, subirini, hii ndiyo naipenda kuliko zote: naweka mawili ubavu kwa ubavu, vile vishikio vya pembeni vinagusana, nakamata vyote viwili kwa mkono mmoja. Mkono wa pili vivyo hivyo. Mtu mmoja, majerikeni manne!

Aliyefikiria hivi ni mhandisi wa Kijerumani, Vinzenz Grünvogel, wa kampuni ya Müller mjini Schwelm, mwaka 1937. Alilibuni kwa ajili ya jeshi. Waingereza wao walikwenda vitani Afrika Kaskazini na mabati membamba ya galoni 4, ujazo wa debe, hili hili tunalopimia mahindi. Yakitikiswa kwenye malori jangwani, mishono inaachia. Jenerali wao, Auchinleck, alikadiria kwamba asilimia 30 ya petroli ilipotea kabla ya kumfikia mtumiaji. Wakawa wanayateka ya Wajerumani na kuyatumia, mwishoni wakayaiga. Na jina ndipo lilipotokea: askari wa Kiingereza walimwita Mjerumani “Jerry”. Kwa hiyo ukisema jerikeni, umesema kopo la Mjerumani.

Hii alama ya X ubavuni msidhani ni pambo. Inalipa bati nguvu, na inaliachia nafasi ya kutanuka mafuta yakipata joto.

Sasa kumimina. Nisogezee kamera. Naanza na dumu... mnasikia? Gu, gu, gu. Maji yanaruka, meza yote imelowa, chupa haijafika hata nusu. Hewa haina njia yake, inagombania mdomo mmoja na maji. Sasa jerikeni. Angalieni ndani ya mdomo, kuna kijibomba kidogo, hewa inapita hapo. Namimina... kimya. Mkondo mmoja, umenyooka. Narudia tena, maana najua kuna asiyeamini. Mmeona?

Na mfuniko wake haupotei, umeshikizwa hapo hapo kwa bawaba. Unaubana kwa wenzo huu, klaki, basi. Sisi kwenye dumu kizibo kikilegea tunaweka kipande cha nailoni, halafu tunaomba Mungu lisimwagike kwenye bodaboda.

Kuhusu bei. Hili nimelipata Kariakoo kwa elfu 90, baada ya kubembeleza sana. Najua dumu tupu ni elfu chache tu. Yapo pia ya bei rahisi yanayofanana na hili, nami mwaka jana niliuziwa moja, duka silitaji. Kishikio kimoja, kijibomba hakuna, mpira wa mfuniko ulipasuka ndani ya miezi miwili, na buti la gari likanuka petroli mpaka nikashindwa kumbeba mtoto. Msinunue kabla ya kufungua mfuniko na kuchungulia ndani.

Nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia mtupe madumu yote. Hapana, narudi nyuma kidogo. Haya ya chuma yanayouzwa kwa ajili ya mafuta, msiyawekee maji ya kunywa. Mimi hili nimelinunua kwa petroli ya jenereta na linakaa nje, mbali na jiko. Maji yanabaki kwenye dumu. Ila nawauliza watengenezaji wa madumu, na nauliza kwa uchungu: lita 20 mmechukua, jina tunalitumia, vishikio viwili vilivyobaki mmeviacha wapi? Kinamama na watoto ndio wanaobeba maji kila siku. Tengenezeni la plastiki lenye vitatu, nitalinunua siku hiyo hiyo na kulionyesha hapa bure.

Video sasa zinatoka Ijumaa jioni, si Jumamosi tena. Waliokosa ya maikrowevu na rada, ipo, irudieni. Ijumaa ijayo ni tepu ya kijivu ya kitambaa: mwaka 1943 mama mmoja wa kiwanda cha risasi Illinois, Vesta Stoudt, mwenye wana wawili katika jeshi la maji, alimwandikia barua Rais Roosevelt kuhusu tepu tu. Nimeshanunua roli tatu, nitazichana zote mbele yenu.