Sevisi ya gari Unguja na Pemba: ununue ratiba ipi?

Anayenunua gari huuliza bei, ushuru na ulaji wa mafuta. Ratiba ya sevisi, yaani lini oili imwagwe na kutiwa mpya, haimpitikii, ilhali ndiyo atakayoilipia tena na tena mpaka siku ya kuiuza gari yenyewe.

Ratiba ziko namna mbili. Moja imepangwa tangu kiwandani: kilomita kadhaa au miezi kadhaa, kitakachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Nyengine hubadilika. Kompyuta ya gari huhesabu injini imewashwa mara ngapi ikiwa baridi, hufuata joto la oili, mizunguko ya injini na mafuta yaliyochomwa, kisha hukuwashia taa inapoona wakati umefika. Utaikuta kwenye Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes-Benz nyingi. Mwenye IST, Probox au Escudo hana haja ya kuumiza kichwa na kompyuta, namba 1 na 2 hapa chini zinamtosha.

Kutokana na namna hizo mbili nimepata ratiba nne, nimezipanga kwa anayeendesha visiwani kwetu, nikianza na inayowafaa wengi.

1. Kilomita 5,000 au miezi 6

Hii ndiyo ya watu wengi, na sehemu yenye kazi ni hiyo miezi. Chukua mtu anayekaa Fuoni na kufanya kazi mjini. Kwenda na kurudi, pamoja na kupitia sokoni, tuseme kilomita 20 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi anapata 500, na kwa miezi sita 3,000 tu. Akingoja 5,000 zitimie, oili itakaa miezi kumi, na oili hiyo haikupumzika. Injini inapochoma petroli hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo pamoja na petroli isiyoungua hupenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ikipata moto wa kutosha kwa muda mrefu, vitu hivyo hufuka na kutoka. Safari ikiwa ya dakika kumi havipati nafasi. Hubaki ndani, huimaliza dawa iliyotiwa ya kuzuia asidi, na mwisho wake ni tope chini ya kifuniko cha injini.

Halafu kuna foleni. Ukisimama Darajani au Mwanakwerekwe na kiyoyozi kinawaka, injini inazunguka na namba ya kilomita haisogei. Saa hizo huzioni popote kwenye dashibodi.

Wako wanaosema ratiba fupi ni ujanja wa mafundi wetu wa kutafuta riziki. Wasome kitabu cha Toyota cha huko huko Japani. Kwa injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) kinasema kilomita 15,000 au mwaka 1, na papo hapo kinatoa ratiba ya pili kwa matumizi magumu: 7,500 au miezi 6. Katika matumizi magumu wametaja barabara mbovu, injini kuunguruma gari ikiwa imesimama, na safari za mara kwa mara zisizofika kilomita 8. Mjapani ametueleza sisi bila kutujua.

Yenye tabo isivuke 5,000 wala miezi 6, hata oili iwe ghali vipi. Tabo hupata joto kubwa na oili hiyo hiyo ndiyo inayoilainisha.

2. Kilomita 10,000 au mwaka 1, kwa oili ya sinthetiki

Mfanyakazi wa hoteli anayelala mjini na kwenda Nungwi kila siku anatembea kama kilomita 120. Kwa hesabu ya siku 25 hizo ni 3,000 kwa mwezi, na ratiba ya 5,000 itampeleka gereji kabla ya miezi miwili. Oili yake, hata hivyo, ina maisha mema kuliko ya yule wa Fuoni: inapata moto kila safari na injini inakwenda kwa mwendo mmoja. Akinunua sinthetiki kamili yenye daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na filta nzuri, 10,000 ni halali yake. Kwake mwaka hautafika kamwe, kilomita zitatangulia. Anayetumia oili ya kawaida asijigawie ratiba hii kwa sababu tu ameipenda.

Ukiwa unaingia kila mara kwenye njia za vumbi na kifusi, filta ya hewa ifunguliwe katikati ya ratiba. Haina haja ya kungoja oili.

3. Ratiba ya kompyuta yenye kikomo chako

Una Golf au BMW na taa imo. Itii inapowaka mapema, lakini usiingoje. Wewe weka mwisho wa mwaka 1 au 10,000. Hivyo kompyuta inakuwa mlinzi wa pili, na ubaya wake ni mmoja: unanunua oili ghali ya ratiba ndefu kisha unaimwaga kabla ya wakati wake. Kwa Volkswagen nyingi zenye ratiba hii, chombo kiandikwe namba ya idhini ya Volkswagen: 504 00 kwa petroli au 507 00 kwa dizeli. Fundi mwenye mashine ya kusomea gari anaweza kuihamisha kompyuta kwenye ratiba iliyopangwa. Ni kazi ndogo, na mimi ningeifanya wiki gari inaposhuka bandarini.

4. Kompyuta peke yake, mpaka kilomita 30,000 au miaka 2

Kwa Volkswagen huo ndio upeo wa ratiba ndefu. Ilibuniwa kwa mtu anayekula mamia ya kilomita kwenye barabara kuu za Ulaya. Yule wa Fuoni, kwa miaka miwili, atakuwa amefika 12,000, akiwa na oili ya mbio za masafa iliyotumika kwenye foleni. Zaidi ya hapo, kwenye gari nyingi hesabu hii haiionji oili yenyewe. Inakisia kutokana na uendeshaji, ikiamini kwamba kilichomiminwa ni oili sahihi. Ukitiwa ya bei rahisi, kompyuta itaendelea kukupigia hesabu za sinthetiki.

Kupima kwa rangi sikukuweka kwenye orodha. Fundi anaisugua oili baina ya vidole, anasema "hii bado". Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kumiminwa, na ya petroli yaweza kubaki ang'avu ilhali dawa imekwisha.

Ratiba yoyote utakayochagua, mafuta ya breki yana yake: kila miaka 2. Hufyonza unyevu wa hewani, na hewa yetu inao wa kutosha, masika na hata kiangazi. Taa ya oili haitakukumbusha hilo.

Unapotoka dukani na oili, tazama kifuniko hakijaguswa. Baada ya kumimina, litoboe kopo tupu mwenyewe, kwani makopo mazuri hurudi sokoni yakiwa na kitu chengine ndani. Na kwa gari iliyotoka Japani, fungua mlango wa dereva utafute karatasi ndogo ya gereji ya huko yenye kilomita na tarehe ya sevisi ya mwisho. Mwaka ukiandikwa 5 au 6, huenda ni wa zama za Reiwa, jumlisha 2018. Reiwa 6 ni 2024. Kilomita za sevisi hiyo ya mwisho zikiwa kubwa kuliko za dashibodi, usilipe.

Kwa walioko Pemba naongeza moja. Filta za Toyota hazisumbui Chake wala Wete, lakini za gari za Ulaya mara nyingi huagizwa Unguja au Dar es Salaam. Nunua mbili kwa pamoja, ya sasa na ya sevisi ijayo, la sivyo ratiba yako itapangwa na boti.