Hina ya unga ya Sojat: damu ya mzee, si nyeusi

Kwa miezi sita sasa nimekuwa nikifunika mvi zangu kwa hina ya unga inayotoka Sojat, mji wa Rajasthan nchini India unaojulikana kwa kilimo cha mhina, ambayo niliinunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 5,000 pakiti ya gramu 100. Kilichonivutia ni kwamba pakiti imeandikwa kiambato kimoja tu, Lawsonia inermis, yaani mhina wenyewe kwa jina lake la kitaalamu.

Unga huu ni laini, una rangi ya kijani iliyopauka na harufu ya majani makavu. Niliukoroga kwa chai ya rangi iliyopoa na maji ya ndimu, nikaufunika usiku kucha, kwa kuwa rangi ya hina hutoka kwenye jani polepole na asidi huilinda. Asubuhi nilipaka, nikafunga kichwa kwa mfuko wa nailoni kwa muda wa saa tatu. Siku ya kwanza mvi ziling'aa kama ganda la chungwa, na nakiri kwamba nilitoka nyumbani nimejitanda mtandio hadi kwenye nyusi. Lakini kufikia siku ya tatu zilikuwa zimekolea na kuwa damu ya mzee, na tangu hapo rangi haijachujuka, kwa sababu hina hushikamana na protini ya unywele wenyewe. Ndiyo maana masalio niliyojaribia yaliikolea shali ya sufu ilhali leso ya pamba ilibaki na doa hafifu la udongo. Kuisuuza kichwani ni kazi ngumu, na sinki huchafuka kweli kweli.

Anayetaka nywele nyeusi hataupata weusi huo kwa hina peke yake. Baada ya kuisuuza hupakwa nili ya unga, yaani majani ya mnili yaliyosagwa, ambayo hailazwi usiku kucha kama hina: hukorogwa kwa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo, ikaachwa kama robo saa, kisha ikapakwa mara moja. Mimi nilipata kahawia iliyoiva.

Kabla ya kujua hayo nilinunua katika duka jingine kiboksi kilichoandikwa "hina nyeusi", kilichoahidi weusi kwa dakika 30. Nilikijaribu kwanza ndani ya kiwiko, na siku ya pili ngozi ilivimba na kutoa malengelenge. Weusi wa haraka namna hiyo kwa kawaida hutokana na PPD, kemikali ya rangi za nywele ambayo Umoja wa Ulaya hauruhusu ipakwe kwenye ngozi, na hata kichwani imewekewa kikomo cha asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Mabibi harusi wetu wanaochorwa piko, ile michoro myeusi, mikononi wangefaa kuuliza kilichomo, kwani ngozi iliyowahi kuikataa PPD huweza kuikataa maisha yote, hata katika rangi nyeusi za kawaida za saluni.

Hina ya Sojat naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwa kuwa pakiti haina tarehe ya mavuno, na hina iliyokaa sana hupoteza nguvu: pakiti yangu ya tatu ilikuwa na unga wa kahawia badala ya kijani, na mvi zangu zilibaki na rangi ya karoti hata baada ya juma zima.