Kozi ya ADR Uingereza: uliza haya kabla hujalipa

Dereva aliyeko Uingereza anayetaka kuacha mizigo ya kawaida na kupanda lori la mafuta hawezi kuikwepa kozi ya ADR, yaani mafunzo ya kubeba mizigo hatari barabarani. Mtaala wenyewe tunaupa alama za juu. Baadhi ya vituo vinavyoufundisha, hapana.

Anza na hesabu ya muda. Sehemu ya msingi ni vipindi visivyopungua 18 vya dakika 45, sehemu ya matangi visivyopungua 12, na kwa siku havizidi 8. Ukiambiwa sehemu zote mbili zinamalizika kwa siku mbili, tafuta kituo kingine.

Darasani, sehemu inayolipa ni hesabu ya pointi kwa mizigo ya mapipa na madumu. Dizeli huhesabiwa lita moja kwa pointi moja, petroli lita moja kwa pointi tatu, na kikomo ni 1,000. Mapipa matano ya dizeli ya lita 200 yanafika kikomoni bila kukipita, kwa hiyo yanabebeka bila kadi ya ADR anayopewa dereva akifaulu kozi, ila kizimamoto cha kilo 2 lazima kiwemo. Ongeza dumu moja la petroli la lita 20: pointi ni 1,060, na sasa unahitaji kadi, vibao vya rangi ya machungwa na vifaa vyote. Mkufunzi asiyewapa wanafunzi hesabu za namna hii wazifanye wenyewe hajafundisha.

Vibao navyo huwachanganya wengi. Kitabuni petroli ni 33 juu, namba ya aina ya hatari, na 1203 chini, namba ya bidhaa yenyewe. Lakini tangi la Uingereza linalosafiri ndani ya nchi huandikwa 3YE badala ya 33. Hiyo ni lugha ya zimamoto: 3 ni povu, Y ni kuzuia mafuta yasitiririke na kuvaa vifaa vya kupumulia, E ni kufikiria kuwahamisha watu. Na tangi likishamwaga mzigo vibao havitoki mpaka lisafishwe. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na tangi tupu ndiyo nafasi yake.

Udhaifu mkubwa uko kwenye vitendo. Kuzima moto, huduma ya kwanza na hatua za ajali ni vya lazima, lakini kuna vituo ambako kizimamoto kinapitishwa mkono kwa mkono na kurudishwa ukutani. Uliza: moto wa kweli utawashwa? Kuna tangi la kugusa, lenye vali na kebo ya kuondoa umeme tuli, au ni picha ukutani? Mafuta yanavyocheza ndani ya tangi na kusukuma lori kwenye kona hayaeleweki kwa picha. Ndiyo maana tangi lisilogawanywa vyumba visivyozidi lita 7,500 hujazwa asilimia 80 au zaidi, ama lisizidi 20.

Jambo ambalo wauzaji wa kozi hulipitia haraka: kadi ya ADR peke yake haikufungulii geti la bohari ya mafuta. Utaulizwa pia pasipoti ya dereva wa petroli, PDP, ambayo ina mafunzo yake na tathmini ya kila mwaka. Ipangie bajeti tangu mwanzo.

Kadi hudumu miaka 5. Fanya marudio ndani ya miezi 12 ya mwisho. Tarehe mpya itahesabiwa kuanzia ile ya zamani, hivyo kuwahi hakukupunguzii kitu. Ikishaisha, unaanza kozi nzima upya.