Baga ya draivu-in au ya dirishani?

Jamani, kwa kijana wa California miaka ya 50 aliyeazimwa gari la mshua wake, draivu-in (mgahawa wa kulia garini, sio ile ya sinema) ilikuwa kijiwe kamili. Unapaki, dada anakuja na trei, sehemu zingine kavaa viatu vya magurudumu, trei inaning'inizwa dirishani afu mnakula humohumo garini redio inapiga, mkimaliza mnazunguka barabarani taratiiibu kuonana na wenzenu, Van Nuys Boulevard kule Los Angeles ilisifika sana kwa hilo hasa Jumatano usiku, afu mnarudi kupaki tena palepale.

Ile ya kuchukulia dirishani pa mgahawa ukiwa garini ni chapchap. In-N-Out, mgahawa wa baga, walianza 1948 pale Baldwin Park, California, unaongea na spika, unachukua mzigo, unasepa. Kwa spidi inashinda, sibishi. Mwaka huohuo ndugu wawili wa McDonald waliwaondoa wahudumu wa kwenye magari kwenye draivu-in yao kule San Bernardino, watu wakawa wanajifuatia wenyewe, baga senti 15, na sababu mojawapo ni haohao vijana kujazana pale. Mwenye biashara namwelewa kabisa, ila we una miaka 17 umemuona binti mzuri, utamsemesha vipi kwenye foleni na wa nyuma anapiga honi?

Mi draivu-in tu. Sonic, migahawa ya Marekani, mpaka leo wanakuletea msosi garini, na mgahawa wa Bob's Big Boy ya Burbank, karibu na Los Angeles, jengo la 1949, Ijumaa jioni magari ya zamani yanajaa kinoma.