Mionzi ya nyonga na tumbo langu, nawapa nyota 4

Wadada mnaosubiri kuanza mionzi ya kansa ya mlango wa kizazi, huu ni uzoefu wangu. Mashine yenyewe haina neno, unalala, wanakulenga kwenye yale madoa waliyokuchora kiunoni, dakika chache unashuka, husikii maumivu wala joto. Wale vijana wa mashine wana adabu sana. Nyota moja nimeitoa kwa sababu habari ya utumbo niliambiwa juu juu tu, eti "unaweza kuharisha kidogo", kidogo gani jamani!

Wiki ya kwanza nakula kama kawa, chai ya maziwa, maharage, wiki ya tatu hiyo tumbo likaanza kusokota, chooni unatoka ute ute, ukinyanyuka tu haja imerudi na ukikaa hakuna kitu. Ndo daktari mmoja akanieleza vizuri: mionzi inapiga seli zinazogawanyika haraka, kansa ikiwemo, ila hata utando wa ndani ya utumbo unajijenga upya kila baada ya siku chache, kwahiyo nao unaliwa, unachubuka na kuvimba, maji hayafyonzwi, yanapita tu kama bomba bovu. Maziwa yanazidisha maana ule uwezo wa kusaga sukari yake unapungua. Nikahamia uji wa mchele, ndizi mbivu na ORS, akaniandikia na loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, nikapata nafuu ya maana. Msijinunulie dukani kimyakimya lakini, ukiona damu au homa waambie kwanza, na usikatishe mionzi kisa tumbo bila wao kujua.

Kingine kibofu. Wanakwambia kunywa maji ubane mkojo, sio kukutesa, kibofu kikijaa kinasukuma utumbo mdogo juu, unakaa mbali kidogo na mionzi. Sawa, ila siku mashine imegoma, foleni haisogei, mkojo umebana, tumbo linanguruma na choo ni kimoja wote mnakiangalia, hapo ndo utajua hujui.

Nilipomaliza tumbo lilitulia taratibu, mwezi hivi. Kuna madhara ya kuchelewa pia, yanaweza kuja miezi au hata miaka baadaye, utumbo unakakamaa, unabana au unavuja damu, ndo maana kliniki sikosi. Jina la hospitali silitaji, ila wangebandika tu karatasi ya vyakula pale mapokezi ningewapa 5.